Igeuze Kava Kabla ya Kuilipia

Kava mpya ya tapeti ikifika huku Makurunge, Bagamoyo, kutoka Kariakoo, watu huiangalia juu: rangi, mng'ao, maandishi yaliyochongwa. Anayeigeuza ni nadra, na cha maana kiko chini, upande unaotazama valvu.

Kwa asiyeshinda gereji, kava ya tapeti ni kile kifuniko cha juu kabisa cha injini, chenye mdomo wa kumiminia oili. Kazi yake ya kwanza kila mtu anaijua: kuzuia oili isiruke nje. Ya pili ndiyo inayosahaulika, kwamba injini hupumulia hapo. Kila silinda inapochoma mafuta, gesi kidogo hupenya pembeni mwa ringi na kushuka kwenye sampu. Injini nzima hupenyeza kidogo, iliyochoka hupenyeza nyingi, isiyopenyeza kabisa haijatengenezwa. Gesi hiyo isipopewa njia hujitafutia yenyewe. Itasukuma oili kwenye sili ya krenki, itailowesha gasketi ya kava, itakinyanyua kijiti cha kupimia oili kwenye bomba lake. Halafu mwenye gari anabadilisha sili mara ya kwanza, mara ya pili, na kila mara analaumu duka la spea.

Ndiyo maana kiwandani huweka tundu la pumzi juu ya kava na kulipachika mpira. Chini ya tundu hilo hulazwa bati. Hili bati ndilo roho ya mada yetu. Ndani ya kava oili haitulii: kemshafti na roka huirusha juu wakati wote, na mnyororo wa taimingi, kama upo ndani, huirusha zaidi. Tundu likiwa wazi juu ya vurugu hiyo, gesi inayotoka itabeba matone. Bati huilazimisha gesi hiyo, ambayo mafundi huiita moshi, kupinda kabla ya kutoka. Gesi ni nyepesi, hupinda bila shida. Tone ni zito, hushindwa kona, hugonga bati na kudondoka lilikotoka. Hakuna ufundi wa siri zaidi ya huo.

Sasa igeuze ile kava mpya ya kopi, yaani isiyo ya kiwandani. Nyingi zina tundu bila bati. Nyingine zina kipande chembamba kilichoshikwa kwa ribiti mbili, kimekaa mbali na tundu kana kwamba hakihusiki. Nyingine hazina hata tundu, kwa kuwa aliyezitengeneza alimlenga mtu wa mashindano ambaye atatoboa anapotaka mwenyewe. Kwa gari la kubeba abiria na mizigo kati ya Bagamoyo na vijiji vya kuelekea Saadani, kava ya namna hiyo ni kazi iliyofika nusu. Nusu iliyobaki utaifanya wewe na fundi wako.

Kabla ya chochote, pimeni injini yenyewe. Washa, iache ipate moto, legeza kifuniko cha oili kisha kiweke juu ya mdomo wake bila kukikaza. Dizeli yoyote itakitikisa kidogo. Kikirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage na moshi ukitoka kwa mapigo, ringi zimechoka au mpira wa pumzi umeziba. Tenganisha sababu hizo mbili: chomoa mpira wa zamani, upulize kwa mdomo au kompresa, tazama kama ndani umejaa masizi mazito, kisha rudia. Hali ikibadilika, tatizo lilikuwa mpira. Isipobadilika, mafundi wana usemi wao mfupi: injini inapumua. Hapo kava mpya itakusaidia moshi utoke mahali ulipochagua wewe, basi. Ringi haiponyi.

"Fundi, kava mpya kabisa hii, mbona bado inatema?"

"Kava ni mpya, bosi. Injini ndiyo ya zamani."

Mazungumzo hayo yako kila gereji ya chini ya mwembe, na fundi yuko sahihi.

Tukiwa na injini inayostahili gharama, tuanze na ukubwa wa tundu. Watu hupenda matundu mawili madogo kwa kuwa yanakaa vizuri machoni. Hesabu haiwaungi mkono. Mpira wa robo tatu ya inchi una tundu la kipenyo cha milimita 19, eneo lake kama milimita za mraba 283. Mpira wa nusu inchi, milimita 12.7, una eneo la 127. Miwili kwa pamoja ni 254, bado haijaufikia ule mmoja. Kwa injini ya dizeli ya lita 2.4 hadi 3, kama zile 2L, 3L na 5L zilizojaa kwenye Hilux na Hiace zetu, mimi sishuki chini ya robo tatu. Land Cruiser ya 1HZ, yenye silinda sita na lita 4.2, inataka zaidi. Na usipunguze chini ya ule wa kiwandani hata kama kava mpya imekuja na nipo (kibomba cha kupachikia mpira) nyembamba. Ing'oe, weka nyingine.

Mahali pa tundu pia pana sheria zake. Kwenye magari ambayo injini imelala kwa urefu, upande wa nyuma huwa chini kidogo, na mkipanda mlima oili hurundikana huko. Tundu likae mbele au katikati, mradi si juu ya mnyororo. Kwenye injini za 2L, 3L na 5L taimingi ni ya mkanda na iko nje ya kava, kwa hiyo mbele pametulia. Gari dogo la petroli lenye injini ya kukingama na mnyororo wa ndani, kama 1NZ ya IST, ni kinyume: ukae mbali na upande wa mnyororo kadiri unavyoweza.

Bati lenyewe liwe la alumini ya milimita moja na nusu, au chuma cha milimita moja. Likate liwe pana kuliko tundu kwa pande zote, angalau vidole viwili kila upande, na likae chini ya tundu kwa nafasi ya milimita 8 hadi 10. Likunje pande tatu zifike kwenye paa la kava na zishikane nalo. Upande wa nne uache wazi, uelekee kule ambako oili hairushwi sana. Hapo umepata kichumba. Mlango wake uwe mkubwa kuliko tundu la kutokea walau mara mbili, ili moshi uingie polepole. Mlango wa milimita 60 kwa 10 una eneo la 600, unatosha tundu la 19. Ukiubana mlango, moshi utaingia kwa kasi na kubeba matone yale yale uliyotaka yabaki.

Kichumba kinahitaji pa kurudishia oili. Toboa tundu la milimita 4 kwenye kona ya chini kabisa, na uamue kona hiyo gari likiwa limesimama sehemu tambarare, si kava ikiwa mezani. Tundu hili likiwa kubwa mno moshi utapitia humo badala ya mlangoni. Likikosekana, oili itajaa kichumba mpaka ipande kwenye mpira, na utadhani bati halifanyi kazi.

Kisha kuna kipimo ambacho mafundi wengi wanakiruka kwa haraka ya mteja: je, bati haligusani na roka au kemshafti? Chukua donge la unga wa ngano uliokandwa mgumu, au udongo wa kuchezea watoto, upake oili usigande, ubandike chini ya bati kwenye sehemu zilizo juu ya roka. Weka kava na gasketi yake, kaza bolti zote kama kazi ya mwisho. Zungusha krenki kwa spana, kwa mkono, mizunguko miwili kamili, maana valvu zote humaliza zamu yake katika mizunguko miwili ya krenki. Ukisikia ugumu usiokuwepo mwanzo, simama. Fungua, kata donge kwa wembe pale lilipokandamizwa zaidi, pima unene. Nikiona chini ya milimita 3 nakunja bati upya. Injini inapopata moto na kava kutikisika, milimita moja haina heshima. Baada ya hapo ondoa unga wote, hata chembe. Ukibaki utashuka kwenye chujio la sampu.

Kuhusu kulishika bati, ribiti za alumini mimi siziamini. Zinalegea kwa mtetemo, na kichwa cha ribiti kikianguka kati ya kemu na tapeti, utapiga simu nyumbani kuomba gharama. Skrubu za milimita 5 zenye gundi ya nyuzi ni bora, na baada ya kukaza, gonga ncha ya kila skrubu kwa sentapanchi isiweze kurudi nyuma. Kuchomelea ni bora zaidi ukimpata fundi wa alumini anayejua kazi. Lakini alumini ikipata joto hupinda. Ifunge kava kwenye silinda hedi mbovu au bamba nene la chuma kabla ya kuchomelewa, na usiifungue mpaka ipoe yenyewe. Halafu ilaze kwenye kioo cha dirisha na upitishe filagheji ya milimita 0.1 pembeni mwote. Ikipenya, bandika msasa juu ya kioo na uisugue kava kwa mwendo wa duara mpaka ikae sawa.

Silikoni ndani ya kava, hapana. Kipande kinachochungulia ndani ya mshono hukatika na kwenda kuziba chujio. Sponji hapana, oili ya moto huila. Na ile stili waya ya kusugulia sufuria ambayo watu huishindilia kwenye tundu la pumzi "ichuje oili", hapana mara mbili: nyuzi zake hukatika na kuingia kwenye injini, na kila uzi ni tupa. Kama unataka wavu, tumia wa chuma kisichoshika kutu, uliobanwa kati ya vibati viwili vyenye matundu.

Kazi yote ya kutoboa na kusugua ifanyike kava ikiwa imetoka kwenye injini. Inaonekana ni jambo la wazi, lakini kuna watu hutoboa juu kwa juu eti chenga zitanaswa na grisi. Ukimaliza, ioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya moto na sabuni, kisha ipulize. Pitisha kidole chenye kitambaa cheupe kwenye kila kona. Kava za kopi mara nyingine huja na mchanga wa kalibu umekwama kwenye pembe, na mchanga huo hautoki kwa kupulizwa tu.

Hapa ndipo Makurunge yenyewe inapoingia, maana mengi yaliyotangulia yangefaa hata Nairobi au Muscat. Ukitoka lami ya Bagamoyo kwenda Msata na kushika njia ya Saadani, unapita eneo ambalo wengi bado wanaliita Razaba, ile Ranchi ya Zanzibar, na mashamba ya miwa ya Bagamoyo Sugar. Kiangazi vumbi la magari ya miwa na mizigo hubaki hewani muda mrefu baada ya gari kupita. Masika njia za pembeni ni tope jeusi. Na upande wa mashariki kuna bahari na mashamba ya chumvi.

Katika mazingira hayo, kile kichujio kidogo cha kung'aa kinachowekwa juu ya tundu la pumzi ni pambo la hatari. Kinachuja kwa wavu wenye macho makubwa, kinalowa oili ndani ya siku chache, kisha vumbi linagandamana nacho kuwa uji mweusi. Kikiziba, injini imezibwa pua. Kisipoziba, injini ikizimwa na kupoa huvuta hewa, na hewa hiyo ina mchanga. Oili inayodondoka nayo hufika kwenye egzosti, na moto wa gari huanzia huko. Ushauri wangu kwa pwani hii ni mmoja: pumzi ifungwe. Mpira utoke kwenye kava, upite kwenye kopo la kunasa oili, umalizikie kwenye njia ya hewa baada ya kichujio kikuu.

Dizeli ina onyo lake. Kama bati ni baya na oili inamiminika kwenye njia ya hewa, injini inaweza kuichoma oili yake yenyewe kama mafuta. Itapanda mizunguko, utazima swichi, haitazimika. Kwa hiyo kopo si hiari, na liwe na vibamba ndani, si mkebe mtupu. Kwenye injini yenye tabo, mpira uingie kabla ya tabo. Baada yake kuna shinikizo litakalosukuma hewa kurudi kwenye kava. Wenye Land Rover za 200Tdi na 300Tdi wana bahati: zimekuja na kitenganishi cha kuzungusha moshi juu ya kava. Kazi yao ni kukifungua, kukiosha kwa mafuta ya taa na kubadilisha mpira wa duara wa kuzuia uvujaji. Anayeking'oa ili aweke kava ya kopi inayong'aa amebadilisha dhahabu kwa bati.

Petroli ina hesabu nyingine. Gari kama IST au Noah lina njia mbili kwenye kava. Moja ina valvu ya PCV na huvuta moshi kwenda kwenye manifodi. Nyingine huleta hewa safi kutoka baada ya kichujio. Ni mzunguko, na ulianza kuwa wa kawaida kwenye magari ya Marekani miaka ya mwanzo ya 1960, ukichukua nafasi ya bomba la zamani lililomwaga moshi barabarani. Kabla ya hapo wanajeshi waliutumia kwenye vifaru vya Vita vya Pili vya Dunia ili viweze kuvuka mito bila bomba la chini kunywa maji. Ukiziba njia moja, au ukiiacha moja wazi na kichujio cha mapambo huku PCV bado inavuta, injini itanyonya hewa yenye vumbi ambayo sensa ya hewa haikuihesabu. Sailensa, yaani mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta, itayumba na taa ya injini itawaka. Kava ya kopi ya gari la namna hiyo iwe na nafasi zote mbili, kila moja na bati lake, la sivyo rudisha dukani.

Mpira nao usiuchukulie poa. Mpira wa maji wa bustani hulainika kwa joto na kujikunja, njia ikafa bila mtu kujua. Mpira wa rejeta unaonekana mzito na imara, lakini oili huuvimbisha. Omba mpira wa mafuta au oili, na uulaze ukipanda mfululizo kutoka kwenye kava hadi kwenye kopo ili kinachoganda kirudi kwenye injini. Ukiacha tumbo katikati, oili na maji vitatulia hapo na kuziba. Kwa wanaovuka mikondo ya maji masika, mwisho wa njia uwe juu sawa na mdomo wa hewa wa injini. Mkiwa kwenye hilo, kumbukeni difu na giaboksi nazo zina vipumulio vyake. Difu ya moto ikiingia kwenye maji baridi hunywa.

Utando mweupe kama maziwa chini ya kifuniko cha oili umewatia watu wengi presha bure. Gari la safari fupi fupi, kwenye unyevu wa pwani, hukusanya maji kidogo kwenye kava kwa sababu oili haipati moto wa kutosha kuyakausha. Angalia rejeta: kama maji hayapungui na oili ya kijitini ni safi, endesha safari ndefu moja na utando utaondoka. Kama rejeta inapungua, hiyo huenda ni gasketi ya hedi na haihusiani na mada hii.

Kazi ikiisha, kaza bolti za kava kuanzia katikati kwenda nje, kwa nguvu ya kiganja tu, kisha fanya kipimo cha mwisho. Uvishe mdomo wa oili glovu ya mpira na uibane kwa rababendi injini ikiwa sailensa. Petroli yenye PCV nzima itaivuta glovu ndani kidogo. Dizeli itaiacha ilegee au kuinyanyua taratibu. Ikisimama vidole vitano wima, njia bado ni nyembamba. Mwenye subira atumie mpira mwembamba unaoonyesha ndani, aukunje kama herufi U, atie maji nusu na kuunganisha ncha moja kwenye bomba la kijiti cha oili. Maji yakiachana kwa upana wa vidole viwili na kuendelea kuachana kadiri unavyokanyaga mafuta, rudi kwenye ukubwa wa tundu.

Baada ya wiki moja ya kazi, kaza bolti tena, maana gasketi mpya hukaa, na umwage kopo. Vijiko vichache vya maji yaliyochanganyika na oili ni kawaida. Oili tupu ya kujaza kikombe inamaanisha bati limewekwa vibaya au mlango wake unatazama roka. Na kopo likijaa kwa safari moja ya kwenda Msata na kurudi, iache kava mahali pake na upeleke injini ikapimwe kompresheni.